Ukwaju Mmoja, Ndoo Mbili

Jumatatu, 2 Machi
Nimechuja ukwaju tangu daku. Vidole vinawasha. Ndoo yangu, kisha ndoo ya Salma, mke mwenzangu. Mume wetu Athumani alitaka kila mke apike juisi yake auze stendi hapa Chalinze. Salma hajui hata kuloweka, nampikia kwa siri. Eti kulinda amani ya nyumba. Ujinga mtupu.

Jumatano, 4 Machi
Salma katia rangi ya keki. Nyekundu! Basi la Tanga liliposimama, mikono yote ya madirishani kwake. Yangu ya kahawia. Mama mmoja kaichungulia, kasema maji ya mtaroni. Mbele ya watu. Nikamwombea tumbo la kuendesha. Astaghfirullahi, nimefunga.

Ijumaa, 6 Machi
Yake imekwisha kabla ya adhana. Yangu imerudi ilivyo. Athumani kasema juisi yangu imenuna kama uso wangu. Salma kajifunika mtandio acheke. Nawachukia wote wawili.
Athumani kashaamua: baada ya Idi meza ya stendi anabaki nayo mmoja, mwingine akalime shambani Miono. Meza ile nimeianzisha mimi, Salma akiwa bado kwao, hajaolewa.

Jumapili, 8 Machi
Leo nimemtega Athumani. Futari, glasi mbili, juisi ya sufuria moja. Moja nikaitia rangi. Ya kahawia kaonja, kakunja uso: chachu. Nyekundu kaimaliza, kalamba midomo. "Huu ndio mkono wa Salma!"
Nikamwita Salma asikie. Nikasema zote nimepika mimi, za leo na za siku zote. Salma kainama. Nikajua nimeshinda.
Athumani kacheka hadi tende ikampalia. Nilitamani ikae hukohuko.
"Basi vizuri, mama Rukia. Watu wanakunywa kwa macho. Salma ndiye mwenye macho, auze. Wewe nenda Miono uliko ukwaju, pikia hukohuko, pikipiki italeta."
Hakuona haya hata kidogo. Nimelia chooni, bomba wazi wasinisikie.

Jumanne, 24 Machi
Miono. Kimya, kuku tu. Nimeloweka, nimechuja, pikipiki imeondoka na madumu.
Iliyobaki nikaimimina glasi mbili. Moja nikaidondoshea rangi, nione huyo mjinga Athumani alionja nini. Nikanywa ya kahawia. Nikanywa nyekundu.
Nyekundu tamu zaidi. Wallahi tamu. Nimeimaliza, ile nyingine nimewamwagia kuku.