Kioo cha Gari la Baba Mkwe

Neema mdogo wangu,

Wewe na mama mnaendeleaje? Mimi huku Tukuyu nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Baba mkwe ameunda kwa mikono yake gari la mashindano la kizamani: viti viwili, paa hakuna, na injini ya lori iliyomeza nusu ya gari. Leo likakwama kwenye tope akiliendesha, watu tukalisukuma. Nilijifunika kanga hadi usoni, maana kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Injini ikanguruma, tairi likanimwagia tope mwili mzima. Lilipochomoka, mzee akamshukuru kila mtu kwa jina, akaniruka mimi tu, wala shingo hakugeuza. Nikajifuta tope. Mila ni mila.

Sasa hivi mama mkwe kaniletea ndizi na maziwa mgando, pamoja na salamu: "Mzee anasema yule wa kanga ya njano ana nguvu kuliko injini yake."

Kanga ya njano! Kumbe muda wote alikuwa ananitazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma! Mimi nile tope kwa heshima, yeye ana kioo?

Mkumbatie mama. Nawapenda. Na ukichumbiwa huku, mdogo wangu, anza kwa kung'oa vioo.

Dada yako