Ukoo Wetu Ulivyonifaulisha Uuguzi

Shangazi yangu mpenzi,

Leo umenichekesha wodini mpaka mgonjwa akaniuliza kama niko salama. Nimekukumbuka wewe na lile karai lako la maandazi pale stendi ya Msata.

Unaikumbuka likizo ile nilipokuja kwako nimekonda kwa hofu ya mtihani wa vitendo? Nikifeli ule, chuo kinanirudisha nyumbani. Nikakaa pembeni ya jiko lako nakariri: kabla ya kumpa mtu dawa, hakikisha mgonjwa ni sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Nikifika la tatu, la kwanza limeshayeyuka. Ukanikodolea macho. "Yaani mambo matano tu ndiyo yanakuliza? Si uwaweke ndugu zako humo!"

Basi ukaanza kuuanika ukoo bila huruma, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya mabasi. Dawa sahihi ukampa mke wa Baba Mdogo, anayemeza vidonge vya presha vya jirani kwa sababu "mwenzie vimemkubali". Njia sahihi ni marehemu Babu, aliyepewa kidonge cha kuweka kwa nyuma, yeye akakimeza na uji, kisha akalalamika kwamba dawa za siku hizi zina mafuta. Kipimo ulijitaja mwenyewe, maana kidonge kimoja wewe ulikiona dharau. Muda sikumbuki ulimpa nani, nilikuwa nimeshaanguka kwa kucheka.

Na mgonjwa sahihi akawa Baba Mdogo Kondo. "Huyo ukimwita Juma anaitika, ukimwita Asha anaitika. Adabu imemzidi! Ukimtajia jina umeumia. Muulize anaitwa nani, akutajie mwenyewe."

Hukuuona mtihani wenyewe. Tulikuzika, nikarudi chuoni Bagamoyo na macho yamevimba, na siku ikafika. Sindano ya insulini ya mgonjwa wa sukari iko kwenye trei, mwalimu yuko nyuma yangu na kalamu yake. Nikamwendea bibi mmoja kitandani.

"Bi Mwanahawa?"

"Naam, mwanangu," akaitika, huku anapandisha mkono wa gauni.

Nikachukua pamba. Wallahi, Shangazi, nikamwona Baba Mdogo Kondo pale kitandani, na kofia yake! Nikasita.

"Bibi, unaitwa nani?"

"Kha! Si umeniita sasa hivi?"

"Nitajie mwenyewe, bibi yangu."

"Mimi Tatu binti Salum."

Mwanahawa alikuwa kitanda cha dirishani, amelala fofofo. Bi Tatu hata sukari hana, alilazwa kwa mguu uliovunjika. Sindano ile ingeweza kumuua. Nikairudisha pamba kwenye trei.

"Sasa kwa nini uliitika, bibi?"

"Mtu mzima aitwe, anyamaze? Kiburi hicho!"

Nilifaulu. Nikatoka nje, nikatoa simu nikupigie, nimeshalifikia jina lako ndipo nikakumbuka. Nililia pale ukutani na sare yangu nyeupe, watu wanapita. Na nilikukasirikia, nikuambie ukweli. Ungengoja kidogo tu.

Siku hizi wanafunzi wanaletwa kwangu wodini. Wakikwama nawapa ukoo wetu, na wanashika palepale. Babu wanamcheka mpaka machozi, na wewe hawakuachi. Leo binti mmoja, ndiyo kwanza ameanza, kaniuliza, "Dada, huyo shangazi yupo wapi? Twende siku moja tukamsalimie."

Nikamwambia yuko Msata. Sikuwa na moyo wa kuongeza neno.

Jumamosi nampeleka. Njiani nitamweleza, taratibu. Akifika hapo ulipolala atakuamkia, namjua, ana adabu zake. Na mimi nitamwitikia marahaba kwa niaba yako.

Binti wa kaka yako,
Nesi