1180 Haijawahi Kukaa Mbele Yangu

Jumamosi, Agosti 1999

Mvua ilianza saa nane kamili kama kawaida yake, na sasa jioni imebaki manyunyu tu. Mimi nimekuwa na hasira tangu Jumatatu.

Nianze na hiyo Jumatatu. Katibu wa kilabu chetu cha chesi pale kwenye kiwanda cha chai, Bwana Odhiambo wa stoo, alibandika karatasi kwenye mlango wa kantini. Ilikuwa na majina ya watu wanne watakaocheza kesho dhidi ya kilabu cha Boito, na wa tano ambaye atabeba saa ya kupimia mchezo na kushikia wenzake makoti. Wa kwanza ni Kiprono, fundi wa mitambo, 1640. Wa nne ni Odhiambo mwenyewe. Wa tano ni mimi, na kando ya jina langu imeandikwa 1180.

Namba hizo zimetoka kwenye intaneti. Kuna mtihani huko: unaonyeshwa picha kumi za mchezo uliofika katikati, unachagua hatua iliyo bora, halafu mashine inakuambia nguvu yako ni kiasi gani. Odhiambo alitutuma sote tukaufanye kwenye ile kompyuta moja ya duka la simu na chapa mjini. Simlaumu sana. Mwaka jana alichagua timu kwa kichwa chake na maneno yakawa mengi, eti anapendelea watu wa kwao ziwani. Mwaka huu aliona heri lawama ziende kwa mashine.

"Kompyuta haina kabila, Chebet," aliniambia nilipomwendea. "Ikishasema imesema."

Kiprono namchapa karibu kila Jumatano. Sisemi kwa majivuno. Amenipiga mara mbili tangu Januari, na zote nazikumbuka mpaka nguo niliyokuwa nimevaa.

Mimi ni karani wa majani. Wakulima wanaleta vikapu vyao kwenye kituo cha chai, nami natia mkono kuona kama wamechuma majani mawili na chipukizi, au wameniletea yale magumu. Mkulima mjanja hupanga mazuri juu. Kwa hivyo mkono wangu hushuka mpaka chini kabisa, hata kama foleni inanung'unika. Anayenionyesha picha kumi na kusema ameshanijua, ameshika majani ya juu akaenda zake.

Na chesi yangu iko chini ya kikapu. Napenda mchezo ukishapungua, malkia wote wameondoka, wamebaki wafalme na askari wachache. Hapo ndipo naanza kumminya mtu polepole mpaka achoke. Mtihani ule haukuniuliza hata swali moja la hapo.

Basi leo asubuhi nilienda mjini nikaurudia. Nikapata 1520. Nikaufanya tena palepale, nikapata 1390. Chebet ni yuleyule, na chai aliyokunywa asubuhi bado iko tumboni.

Mtu mmoja, namba tatu.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika. Lakini ukurasa huu ninaouchapa kwenye intaneti nikifika mjini una wasomaji watatu na mmoja wao ni mimi, kwa hivyo nikidanganya namdanganya nani?

Siku Kiprono alipofanya mtihani wake, nilikuwepo. Duka lile lina benchi nyuma ya kompyuta, na sisi watu wa huku hatujui kumwacha mwenzetu ahangaike peke yake na kitu kigeni. Tulikuwa wanne kwenye benchi, kila mmoja na lake. Tumia farasi. Hapana, ngoja, angalia ile kona. Hakuna aliyeona kwamba tunaiba mtihani; tuliona tunasaidia. Ile picha ya saba, ni mimi niliyemwambia amtoe malkia kafara. Alibonyeza, akapata.

Zamu yangu ilipofika siku ya pili yake, mvua ilikuwa imewafukuza wote na benchi lilikuwa tupu.

Jambo hili nalijua vizuri sana kutoka kituoni. Mkulima ana namba yake moja, lakini siku nyingine majani ya jirani na ya shemeji yanaingia kwa namba hiyohiyo. Ukisoma kitabu utadhani mtu huyo ana shamba kubwa ajabu. Ile 1640 imechumwa kwenye mashamba matano, na moja ni langu.

Saa nane na nusu niliyasema haya yote kantini, nikiwa nimelowa, mbele ya Odhiambo na mbele ya Kiprono mwenyewe. Nikaweka mezani karatasi zangu tatu za majibu ya mashine.

"Sasa hapa niamini gani?" Odhiambo akauliza.

"Hakuna. Hata moja usiamini."

Nilidhani Kiprono atanikana. Alifuta mikono kwa ovaroli akasema, "Ni ukweli. Ile ya kwini ni yeye alinionyesha." Halafu akaanza kupanga mchezo. "Kuja tucheze basi. Huyu mzee ajionee."

Odhiambo akavuta kiti. Tulicheza kwa muda wa saa mbili hivi, na mvua juu ya mabati haikutuacha tusikie hata saa ikigonga. Nilikuwa na askari mmoja zaidi. Nilishaanza kuwaza malkia wakiondoka nitammalizaje, nikasahau kona aliyojificha mfalme wangu. Kiprono akamwinua malkia wake, akamweka kando ya mfalme wangu makusudi ili aliwe. Nilimla kwa ngome, maana sikuwa na njia nyingine. Farasi wake akaruka, na mfalme wangu akakwama kwenye kona, amezibwa na watu wake mwenyewe.

Ilikuwa ile picha ya saba.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimeshindwa na hatua niliyomfundisha mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Niliinuka nikachukua saa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya wa tano.

Odhiambo alikuwa ameenda mlangoni. Aliibandua ile orodha, akarudi nayo na kuniomba kalamu.

"Miaka mbili mimi ni katibu, na sijawahi kaa nikaona gemu yenu mpaka mwisho," akasema. "Huyu wa 1180 amenichosha, na mimi nilikuwa natazama tu."

Akafuta namba zote, hata ya Kiprono. Jina langu akaliandika la pili. Lake akalipeleka la tano, kisha akaichukua ile saa mkononi mwangu.

Kwa hivyo kesho, baada ya ibada, nitakaa meza ya pili. Bado nasema mtihani ule ni uongo, na leo nimeshindwa huku nikisema hivyo. Kiprono namkubali. Alikaa mbele yangu kwa saa mbili nzima, akatia mkono mpaka chini ya kikapu, akapata jani moja gumu. Mashine sijaikubali na sitaikubali.

Jumatano tunacheza tena, na ile kona nitakuwa nimeifunga.