Kifurushi cha Uzi Mwekundu

Mpendwa mama,

Leo asubuhi nilikwenda posta ya mjini, ile uliyokuwa ukiingia umekumbatia pochi kana kwamba makarani wote wametoka jela jana. Hitma yako ya arobaini tumeisoma juzi, na keshokutwa narudi Ulaya. Nimeona nikuambie nilichokikuta, ingawa kitakuudhi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifungia korosho? Unazikaanga mwenyewe hapa Mikindani, unazitia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani, unaushona mdomo kwa uzi mwekundu, kisha unanipigia simu: "Mishono thelathini na moja. Ukiona imepungua, Bakari kafungua." Bwana Bakari wa dirisha la vifurushi! Kosa lake lilikuwa kunusa mzigo kabla ya kuupima, na kwako hilo lilitosha. Kwangu pia, maana mimi ni mwanao.

Kule Ulaya nako nilianza kwa kushuku. Mtu wa posta anaacha boksi mlangoni, hodi hapigi, anaondoka zake. "Hao wanakutega," ukasema. Lakini nikazoea. Simu inakuonyesha mzigo ulipo, na hakuna anayekuuliza kama mama hajambo. Nikaanza kuringa. Posta ya kule, mama, haili korosho za watu.

Kisha kifurushi chako cha mwisho hakikufika. Simu ikaandika kimerudishwa kwa mtumaji. Mie nikaguna tu. Nani duniani arudishe korosho? Nikakupigia: "Mama, Bakari kakila."

"Si nilikwambia mimi!"

Bwana Bakari alipokutumia salamu uende ukachukue mzigo wako, nikakukataza. Nilisema ni janja ya kujisafisha. Tangu hapo hukumsalimu, hata mlipokutana msibani ulimpita kimya. Umekufa hujamsalimu, mama.

Leo Bwana Bakari amekitoa kabatini, kimefungwa magazeti panya wasikifikie. Safari ile mdogo wangu, aliyekuwa akikuandikia anwani, hakuwapo, ukaiandika mwenyewe. Ulinipa jina la mama yake baba, na jina la mkweo, kwa adabu, hulitaji wala huliandiki. Ukaandika ulivyoniita siku zote: Mkwe. Kule mlangoni pangu pana jina la pasipoti. Huyo Mkwe hawakumjua, wakakirudisha. Bwana Bakari aliliona neno hilo moja na mwandiko wako, akajua ni cha nani.

Nami, mama, nikahesabu mishono mbele yake. Aibu gani hii! Vidole vilikwenda vyenyewe. Akangoja nimalize.

"Mama yako naye alikuwa anahesabu," akasema. "Imetimia?"

"Imetimia. Shikamoo, baba." Salamu ilinitoka imechelewa kiasi hicho.

Nikamwomba radhi kwa ajili yako na yangu. Akasema alishakusamehe siku ya mazishi, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Na hata alipokuwa akisema hayo, nilikuwa namchunguza pua, kama bado inanusa.

Nyumba hii sasa hakuna anayeniita Mkwe. Baba ananiita kwa jina la mama yake, wengine wananiita mgeni. Korosho bila shaka zimeshavunda, lakini uzi sijaukata. Kifurushi nimekiweka kitandani kwako, upande wenye mwandiko juu.

Kosa lilikuwa langu, mama, wewe uliniamini tu. Pumzika.

Ni mimi,
Mkweo