Noti ya Elk Prairie Niliyoipiga Pasi

Mama Corrine mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimemtia mume wangu matatani kwa mapenzi tu.

Arvid wangu hukusanya noti za zamani, zile ambazo benki za miji midogo zilikuwa zikitoa zenye jina la mji, na kwa miaka mingi ametafuta ya benki ya hapa kwetu Elk Prairie, Iowa, asiipate, sasa mimi nikaikuta ndani ya Biblia ya marehemu shangazi, imekunjamana, ina doa la kahawa, nikaona aibu kumpa zawadi chafu, nikaifua kwa sabuni nikaipiga pasi. Arvid akainyanyua kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili, kisha akanibusu akasema, "Marlys, sijawahi kuona nzuri kama hii." Nikafurahi, mjinga mimi. Wiki iliyopita nikiwa jikoni nakata pai nikamsikia rafiki yake Duane, "Mzee, hii imeogeshwa. Rangi imepauka, karatasi imelegea. Nusu ya thamani imekwenda na maji." Arvid akamjibu, "Najua. Ukimwambia Marlys, kahawa ya nyumba hii hutainywa tena." Sasa Jumamosi ni maonyesho ya wakusanyaji, na kadi aliyoandika ya kuweka chini ya noti inasema haijaoshwa, yeye ambaye watu hutoka mbali kumwuliza kwa sababu hajawahi kudanganya kuhusu noti. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza ataumbuka mbele ya wenzake. Nifanyeje?

Marlys

Marlys, pole. Lakini hiyo sabuni nani alikutuma? Umelala na mkusanyaji miaka yote hiyo, hukuwahi kumsikia akizilalamikia noti zilizofuliwa? Hao watu wanaliheshimu doa la kahawa kuliko usafi wako.

Hilo limepita. Kinachoniudhi ni wewe kukaa kimya na pai yako wakati mwanamume anaharibu jina lake ili usilie. Eti utamvunja moyo. Anajua tangu siku ile ya kwanza, mama. Anayelindwa hapo ni wewe, na ulinzi huo ni ghali mno kwake. Anakupenda sana, na hilo nimeliona hata mimi nisiyemjua.

Leo mkishakula mwambie, "Nilimsikia Duane." Usilie sana, asije akaanza kukubembeleza mkaishia palepale. Kisha mpe kalamu, ukae karibu yake, aandike kadi nyingine: Noti ya Elk Prairie. Imeoshwa na mke wangu. Haiuzwi.