Jina la Baba Yake Linda

Nyansiongo, Jumapili

Dada Nyamoita,

Nisamehe kwa miezi minne bila barua. Linda anaota meno, halali, nami silali. Mama anakusalimu, majani chai yameshika vizuri.

Ile shule ya wasichana ya hapa imenikubali nifundishe Kihispania kidato cha nne. Cheti sina, lakini miaka sita ya kutunza wazee huko uliko, Valencia, nilikiongea sana. Ijumaa mwalimu mkuu anataka mpango wote, lugha na utamaduni, la sivyo atatafuta mwingine. Wiki ya sherehe nimeandika, ya vyakula pia. Wiki ya majina ndiyo imenishinda. Nikiwaambia huko mtoto hubeba jina la baba na la mama, wasichana watauliza, "Na wako je, mwalimu?"

Nauli usinitumie. Sirudi huko kumbembeleza baba yake Linda. Lakini wiki hiyo siiondoi, na Linda simfichi.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Linda

Ninavyohitaji bado: kamusi yako kubwa, magazeti ya zamani, sauti ya yule bibi mzee unayemtunza akisimulia utoto wake, na karatasi yenye jina kamili la baba yake Linda, umwombe aandike kwa mkono wake mwenyewe.