Kamba ya Kamati Nimeanikia Majoho ya Kwaya

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mtu anayempenda Bwana na unisaidie kabla ya Jumamosi, maana mimi ni mama wa watoto wanne, naimba sauti ya pili kanisani, shule niliishia la saba, na sijawahi kuiba kitu cha mtu hadi nilipoiba kamba niliyokuwa naitunza mwenyewe.

Huku kwetu kamati ya maji ina sheria, kutoka ukingo wa kijito hadi tuta la kwanza la shamba ziwe hatua ishirini, na hapo katikati ni nyasi tu, jembe lisiguse, ili mvua isisombe udongo ukaingia kwenye maji tunayokunywa. Tunapima kwa kamba moja ya manila, plastiki tupu, yenye urefu wa hatua hizo ishirini, ambayo mwenyekiti alinikabidhi mimi, akisema mama huyu anamwogopa Mungu, na Mungu akasikia akanyamaza. Mwaka jana nikapewa zamu ya kufua majoho ya kwaya, kumi na mawili, meupe, na kamba yangu ya kuanikia imekatika, basi nikakata hatua saba za kamba ya kamati, nikasema yakikauka nitairudisha, yakakauka, kamba ikabaki uani, na msimu wa kupanda ulipofika nikapima shamba langu kwa ile kamba fupi iliyobaki, najua kabisa mshauri, nikajiambia kamba ya kamati ni kamba ya kamati, nikapanda vitunguu hatua kumi na tatu kutoka ukingoni na nikaviombea.

Wiki iliyopita mvua ikashuka, matuta yangu mawili yakaenda yote, bomba likatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mimi bila kuchungulia ndoo nikayafulia majoho. Mwalimu wa kwaya akapita uani, akatazama, akauliza, "Mama, sare tumebadilisha lini?"

Kamati ikaenda kijitoni, ikakuta tope limejaa kwenye nyasi za jirani yangu tunayemwita Kimya, ambaye shamba lake liko chini ya langu. Mwenyekiti akasema, "Tope liko kwako, ni lako." Kimya akajibu neno moja tu, "Pimeni." Wote wakanigeukia mimi, nikasikia mdomo wangu unasema kamba imeliwa na mchwa. Kamba ya manila, mshauri. Na hakuna aliyecheka, kwa sababu mimi ni mtu wa ibada.

Sasa Jumamosi watang'oa mahindi ya Kimya na kumfungia bomba msimu mzima, na mkewe amejifungua juzi. Halafu jana asubuhi akaja kwangu na beseni la vitunguu alivyookota kwenye nyasi zake, na yeye hajapanda kitunguu hata kimoja, akaliweka mlangoni, akasema, "Dada, vyako hivi," akaondoka. Mume wangu anasema, "Mwenyewe hasemi, wewe una haraka gani?" Nimefunga siku tatu naomba ishara, sijaiona. Nifanyeje Kimya apone na mimi nisiaibike mbele ya kwaya?

Mtunza Kamba

Dada yangu Mtunza Kamba,

Ishara uliletewa mlangoni ndani ya beseni. Sijui ulitaka Mungu aitume vipi tena, na nina wasiwasi umeshaikaanga.

Kukata kamba ili nguo za kanisa zikauke, hilo nakuhurumia, ni kosa la mtu mwenye kazi nyingi na uani mdogo. Lakini kupima shamba kwa kamba uliyoikata mwenyewe, kisha ukainamisha kichwa ukaviombea vitunguu, hapo ulikuwa unamtafutia Mungu kesi. Na hao mchwa wako wa kula manila wangekuwepo kweli, tusingekuwa na ndoo hata moja.

Tazama unayemwacha ahukumiwe. Nyasi za Kimya ndizo zilizolizuia tope lako lisiingie lote bombani. Ametii sheria, na utii wake ndio umekuwa ushahidi dhidi yake. Maji ya kumwogeshea mtoto wake yanataka kufungwa kwa ajili ya matuta yako.

Umeniomba mambo mawili, nakupa moja. Kimya atapona. Aibu utaibeba.

Leo hii, si Jumamosi, anua majoho, chukua vipande vyote viwili uende kwa mwenyekiti. Viunge mbele yake, mpime shamba lako kwanza, halafu la Kimya. Fundo litakula urefu kidogo, hivyo kwako ongeza hatua moja. Vitunguu vilivyo ndani ya kamba ving'oe kwa mkono wako, panda nyasi, na yule mumeo mwenye hekima ya kunyamaza mpe kazi ya kuzibeba. Wakikufungia bomba wewe, usikate rufaa. Kila asubuhi hadi maji yatakate, peleka ndoo ya maji safi kwa mke wa Kimya, na usiende na maneno mengi, nyumba ile haijayazoea. Kamba mwachie mtu mwingine, ikiwezekana asiyeimba.

Majoho kumi na moja yafue upya kwa maji safi. Lako liache lilivyo, ulivae Jumapili. Mchungaji akiuliza ni rangi gani hiyo, mwambie ni hatua saba.